Mabao Sita Hayajahama

Korbesa hakuna uwanja wenye jukwaa. Kuna uwanda wa mchanga, kuna miti minne iliyosimikwa kuwa magoli, na jioni mpira husimama kidogo ng'ombe wakipita kwenda kunywa maji ya Ewaso Nyiro, kisha huendelea pale ulipoachwa. Hapo ndipo nilipokulia, chini ya Merti, mbali na barabara ya lami, na hapo ndipo nilipojifunza majina ya viwanja ambavyo sikuwa nimeviona: Jogoo Road, Nakivubo, Nyamagana, Taifa.

Tulivijua kwa redio. Betri zilipochoka tulizianika juani kama nyama, zikapata nguvu ya kutufikisha kipindi cha pili. Sauti ya Kenya ilituletea Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025, ambaye kila mpenzi wa mpira Kenya anamkumbuka pamoja na maneno "Kadenge na mpira". Redio Tanzania Dar es Salaam ilituletea Ahmed Jongo. Yule wa Nairobi na yule wa Dar walituachia ugonjwa mmoja, wa kubishana juu ya mechi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezitazama. Ipi ilikuwa kubwa kuliko zote? Nani alifungwa mengi zaidi akiwa nyumbani kwake? Uwanja gani uliona kilio kikubwa zaidi?

Mjomba wangu aliyekuwa akipeleka mbuzi Nairobi kwa lori ndiye pekee aliyewahi kuingia uwanjani, kwa hiyo neno lake lilikuwa hukumu. Lakini hata yeye aliposikia mabao ya Dar es Salaam alinyamaza. Nilipofika Dar baada ya miaka mingi, kitu cha kwanza nilichotaka kuonyeshwa hakikuwa bahari. Nilitaka kuuona Uwanja wa Taifa wa zamani, ule ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru.

Unaukuta Temeke, ubavuni mwa mrithi wake. Huu wa zamani unachukua watu wapatao 23,000. Ule mpya, uliokamilika 2007 kwa msaada wa China, unachukua 60,000, na tangu Rais Mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki Julai 2020 umebeba jina lake. Simba na Yanga, watani wa jadi wa Dar es Salaam, walihamia huko. Mashabiki wa Simba wakaupatia msemo wao, kwamba kwa Mkapa hatoki mtu. Mimi ninaamini, na nitalieleza hapa, kwamba walihama watu tu. Sehemu kubwa ya rekodi ilibaki kule nyuma.

Kipigo kikubwa kuliko vyote

Julai 19, 1977, Simba 6, Yanga 0. Tangu watani hao waanze kukutana hakuna matokeo yaliyopita hayo, na yalipatikana kwenye uwanja wa zamani. Abdallah Kibadeni, waliyemwita King, alifunga dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Hassan, maarufu Masimenti, alifunga mara mbili, dakika ya 60 na ya 73. Bao jingine Selemani Sanga wa Yanga alilitia kwenye wavu wake mwenyewe dakika ya 20.

Tazama hizo dakika za Kibadeni. Bao la kwanza watu hawajatulia vizuri kwenye nafasi zao, la pili wanakaribia mapumziko, la tatu wengine wameshaanza kutafuta mlango wa kutokea. Mchezaji aliyekwishaona timu yake inaongoza kwa mabao matano, dakika moja imebaki, bado alikuwa na njaa. Ndiyo maana hat-triki hiyo inatajwa hadi leo kila dabi inapokaribia. Washambuliaji wamekuja na kuondoka, Watanzania, Waganda, Wakongo, Wazambia, na wengi wao wamefunga mawili wakaishia hapo.

Lakini haki itendeke. Shabiki wa Yanga anayekwambia kwamba timu iliyofungwa siku ile haikuwa Yanga kamili hasemi uongo. Mgogoro wa katikati ya miaka ya sabini uliipasua klabu hiyo, nyota wake wakaondoka, na kutokana na mpasuko huo ikazaliwa Pan African mwaka 1976. Yanga iliyokuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1975, iliyomfunga Simba huyohuyo 2-0 katika fainali kule Zanzibar, ilikuwa imebaki na jina na jezi. Ndiyo sababu mimi nikiulizwa kipigo kipi kilikuwa na uzito zaidi, sita ya 1977 au tano ya 1968, ninasema ya 1968. Juni 1 mwaka ule Yanga waliwafunga Sunderland, jina walilokuwa nalo Simba hadi 1971, mabao 5-0 jijini Dar es Salaam. Maulid Dilunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja. Sunderland hawakuwa wamepasuka. Walifungwa na timu iliyokuwa bora.

Simba wakakaa miaka tisa na deni hilo, kisha wakalilipa na riba ya bao moja. Riba hiyo ndiyo haijafikiwa. Kwa Mkapa wamejaribu. Mei 6, 2012 Simba walifika tano, mabao mawili ya Emmanuel Okwi na matatu ya penalti, mojawapo ikipigwa na kipa Juma Kaseja na nyingine na Patrick Mafisango, ambaye siku kumi na moja baadaye alifariki kwa ajali ya gari. Novemba 5, 2023 Yanga nao wakafika tano, 5-1, Maxi Nzengeli akifunga mawili. Viti 60,000, taa, nyasi za kisasa, wageni kutoka nchi kumi, na bado hakuna aliyefika sita.

Shilingi iliyoanguka vibaya

Mwaka 1969 Yanga walikutana na Asante Kotoko wa Ghana katika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mechi mbili, 1-1 na 1-1. Wakati huo hakukuwa na mikwaju ya penalti ya kuamua. Ilirushwa shilingi, ikaangukia upande wa Kotoko.

Ni tokeo fupi kuliko yote katika orodha hii, na kwangu ni la kikatili kuliko yote. Aliyefungwa sita ana mtu wa kumlaumu: beki, kipa, kocha, kiongozi aliyegombana na wachezaji. Aliyetolewa na shilingi anamlaumu nani?

Aibu ya nyumbani iliyofutwa ugenini

Hii sijui niiweke wapi, kwa sababu nusu yake ni kumbukumbu mbaya ya Uwanja wa Taifa na nusu yake haikutokea hapo kabisa. Mwaka 1979, Klabu Bingwa Afrika, Simba waliwakaribisha Mufulira Wanderers wa Zambia wakafungwa 4-0. Nyumbani. Mashabiki walitoka uwanjani wakijua mambo yamekwisha, na mtu mwenye akili timamu angesema hivyo hivyo. Timu iliyofungwa nne kwake inakwenda kufanya nini kwa watu?

Ilikwenda Zambia ikashinda 5-0. Thuweni Ally alifunga matatu, George Kulagwa, waliyemwita Best, akafunga mawili. Jumla 5-4, Simba wakapita. Raundi iliyofuata walitolewa na Racca Rovers wa Nigeria, lakini hilo ni watu wachache sana wanaolikumbuka, na sioni ubaya.

Nimewasikiliza wazee wa Dar wakiisimulia siku ile ya kufungwa nne. Hawaisimulii kwa uchungu. Wanaisimulia kama mtu anavyosimulia kiangazi kikali ilhali anajua mvua ilikuja. Sisi wa Isiolo tunaijua sauti hiyo. Ila sharti uwe mkweli: ushindi wa Zambia waliuona wachezaji na wasafiri wachache, wengine wote waliupata kwa redio. Waliokuwa uwanjani Temeke waliona mabao manne tu, yote ya mgeni. Kama kuna watu waliolipa kiingilio na wakapewa nusu mbaya ya hadithi nzuri, ni wao.

Kilio kikubwa kuliko vyote

Novemba 27, 1993. Hapa nitakaa.

Simba walikuwa wamefika fainali ya Kombe la CAF, klabu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali ya mashindano ya Afrika. Mpinzani alikuwa Stella Adjamé wa Ivory Coast. Mechi ya kwanza Abidjan ilikwisha bila bao. Sasa ilibaki dakika tisini nyumbani, na ushindi wa aina yoyote ungetosha. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa jukwaani. Langoni alikuwa Mohamed Mwameja, mbele yake walinzi kama George Masatu, katikati Hussein Marsha, mbele Edward Chumila. Kwenye benchi kocha alikuwa Abdallah Kibadeni, yule yule wa dakika ya 10, ya 42 na ya 89.

Stella walishinda 2-0. Boli Zozo alifunga, na jina hilo likaingia katika Kiswahili cha mpira wa Tanzania bila kuomba ruhusa. Hata leo taja Boli Zozo mbele ya mwanachama wa Simba mwenye umri wa miaka hamsini na zaidi, utaona uso unavyobadilika.

Nilikuwa Isiolo mjini wakati huo, mahali ambapo madereva wa malori ya Moyale walikuwa wakilala. Palikuwa na redio moja na watu kama ishirini kuizunguka, Waborana, Wameru, Wasomali, Waturkana, na nina hakika hapakuwa na Mtanzania hata mmoja. Wote tulikuwa Simba kwa siku ile. Sababu ilikuwa rahisi, tulitaka kombe lije huku kwetu, Afrika Mashariki, na mpira ulipokuwa ukisogea karibu na lango la Stella watu walikuwa wakinyanyuka kana kwamba redio ina picha. Bao la pili lilipoingia mzee mmoja aliizima redio mwenyewe, na haikuwa yake. Hakuna aliyemgombeza.

Ninaiita mechi kubwa kuliko zote zilizochezwa kwenye uwanja ule, na ninajua nitabishiwa. Watu husema mechi kubwa ni ile uliyoshinda. Mimi naona uwanja wa nyumbani unaonekana kwa kweli siku timu imepoteza kitu ambacho hakitarudi, na watu wote wakabaki kwenye nafasi zao kwa sababu hawajui waende wapi. Simba walisubiri miaka 32 kufika fainali nyingine ya Afrika, wakaifikia Mei 2025 dhidi ya RS Berkane wa Morocco katika Kombe la Shirikisho. Walifungwa 2-0 ugenini, kisha marudiano yakapelekwa Zanzibar, Uwanja wa New Amaan, kwa sababu uwanja wa Mkapa haukukubaliwa kwa mechi hiyo, na ikawa 1-1. Yanga nao walifika fainali ya kombe hilo mwaka 2023, wakafungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, wakashinda 1-0 Algiers, wakalikosa kombe kwa mabao ya ugenini. Fainali tatu za klabu za Tanzania, hakuna kombe, na kwangu ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote. Simba wa 1993 waliingia uwanjani kwao wakiwa hawajafungwa bao hata moja katika fainali.

Mkubwa aliyeangushwa, na Mkenya aliyekuwa kwenye benchi

Mwaka 2003 Simba walipangwa na Zamalek ya Misri. Zamalek hao hawakuwa Zamalek wa jina tu, walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kombe la 2002 likiwa bado kabatini kwao Cairo. Simba walishinda 1-0 Dar es Salaam. Cairo wakafungwa 1-0. Mikwaju ya penalti ikaamua, Juma Kaseja akasimama langoni kama ukuta wa matumbawe, na Christopher Alex akapiga mkwaju wa mwisho uliowavusha hadi hatua ya makundi, 3-2.

Kila mtu anakumbuka Cairo. Mimi nakumbusha Temeke. Bila bao lile moja la uwanja wa zamani hakuna Kaseja, hakuna Christopher Alex. Na kwa msomaji wa Kenya kuna jambo la kushika: kocha wa Simba alikuwa James Siang'a, aliyewahi kuwa kipa wa Gor Mahia na Harambee Stars. Mkenya ndiye aliyewaongoza Watanzania kumvua bingwa wa Afrika taji. Siang'a alifariki mwaka 2016. Sijaona jukwaa lenye jina lake, si Dar wala Nairobi, na hilo ni deni.

Yanga hawakukaa bure miaka hiyo. Mwaka 1998, miaka mitano kabla ya Zamalek kuangushwa, wao ndio waliokuwa klabu ya kwanza ya Tanzania kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na makundi hayo yalichezwa wakati Dar es Salaam bado ilikuwa na uwanja mmoja tu wa taifa.

Huku kwetu

Nairobi nako kuna uwanja ulioachwa. City Stadium, ulioitwa Donholm Road, kisha Jogoo Road, na ambao umepewa jina la Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019. Kabla ya Nyayo kufunguliwa 1983 na Kasarani 1987, hapo ndipo mpira wa Nairobi ulipokaa. Mjomba wangu aliuza mbuzi, akaenda Jogoo Road, akarudi Korbesa na vumbi la mpira kwenye viatu na hadithi za kututosha mwezi mzima. Gor Mahia na Abaluhya, walioanza kupambana Mei 5, 1968 kwa ushindi wa Gor wa 2-1, walimpa mjomba sababu ya kuchelewa kurudi kila mara. Mwaka 1976 Gor walichukua ubingwa bila kufungwa. Mwaka 1980 Abaluhya wakawa AFC Leopards, jina lililobaki hadi sasa.

Kipimo cha huzuni Nairobi ni 1979. Gor Mahia walifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, wakafungwa na Canon Yaoundé 2-0 jijini Nairobi, halafu 6-0 Cameroon. Jumla nane bila jibu. Wale waliokuwepo Nairobi wanasema 2-0 ilikuwa na matumaini ndani yake hadi mwisho. Yaoundé ndiko yalikozikwa.

Na kipimo cha furaha ni Desemba 5, 1987, lakini hicho si cha uwanja wa zamani. Ni cha Kasarani, iliyokuwa na miezi minne tu tangu Michezo ya Afrika. Katika fainali ya kombe hilo hilo la Washindi, Espérance wa Tunisia walikuwa wametoka 2-2 na Gor kwao Tunis. Nairobi ikawa 1-1, Peter Dawo akiwa mfungaji wa bao la Gor, na kwa sheria ya mabao ya ugenini nahodha Austin Oduor akalinyanyua kombe. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya, wala ya Tanzania, wala ya Uganda, iliyochukua kombe la bara. Hapa uwanja mpya uliushinda wa zamani, tena mwaka wake wa kwanza, na ninakubali. Waganda ndio wanaojua kilichokuwa upande wa pili: mwaka 1991 SC Villa walifungwa 6-2 na Club Africain mjini Tunis katika fainali ya Klabu Bingwa, wakarudi Kampala wakatoka 1-1. Nakivubo yao ilibomolewa 2017 ikajengwa upya, na ukiingia leo humkuti tena mtu akikuonyesha mahali aliposimama.

Uwanja uliobeba zaidi ya mpira

Narudi Temeke, kwa sababu kuna rekodi moja ambayo haihusu mabao. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa hapo kwa mara ya kwanza. Oktoba 1999 watu walipanga foleni hapo kumuaga Mwalimu Nyerere. Julai 2020 walimuaga Mkapa hapo hapo, kwenye uwanja wa zamani, ndipo ule wa jirani ukapewa jina lake. Machi 2021 watu 45 walikufa katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli. Shabiki anayesema nilikuwepo Taifa hana budi kuulizwa siku gani, kwa sababu uwanja huo umewahi kuimba na kulia kwa mambo makubwa kuliko Simba na Yanga.

Nilipoingia mara ya kwanza, mlinzi mmoja mtu mzima alinionyesha lango. Hili, akasema, ndilo la Kibadeni. Nikamuuliza bao lipi. Akasema yote. Nikamwambia haiwezekani, timu hubadilishana magoli wakati wa mapumziko, na Kibadeni alifunga mawili kipindi cha kwanza na moja cha pili. Akafikiri kidogo, akaonyesha lango la pili, akasema basi na lile. Nilimpenda mtu yule. Alikuwa amelinda malango mawili kwa miaka yote hiyo na hakutaka hata moja likose sifa.

Kibadeni mwenyewe alirudi kwenye hadithi hii mara ya tatu. Oktoba 20, 2013, akiwa kocha wa Simba, kwa Mkapa, timu yake ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 3-0 kwa bao la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Wazee wakaanza kuhesabu: tatu kwa kipindi, sita kwa mechi, leo 1977 inarudishwa, tena mbele ya macho ya mwenyewe. Kipindi cha pili Betram Mwombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze wakafunga, ikaisha 3-3. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mechi kubwa kuliko zote za uwanja mpya. Mtu aliyefunga hat-triki ya 6-0, akafundisha timu iliyopoteza fainali ya 1993, alikaa benchi siku rekodi yake ilipokuwa dakika arobaini na tano kutoka kufikiwa. Mwandishi wa riwaya angeogopa kuandika hivyo.

Dabi ilirudi kwenye uwanja wa zamani Oktoba 28, 2017, kwa sababu ule mkubwa ulikuwa unatengenezwa. Shiza Kichuya akaifungia Simba dakika ya 57, Obrey Chirwa akaisawazishia Yanga dakika ya 60. Ikawa 1-1. Waliokuwa vijana 1977 walikuwa wazee siku hiyo, na wale waliopata nafasi waliingia kama watu wanaorudi nyumba waliyozaliwa, wakipapasa kuta.

Mtu aliyekuwa na miaka kumi na tano siku ile ya Julai 1977 sasa amepita sitini. Mjomba wangu amekwishafariki, na hadithi zake nyingi za Jogoo Road zimeondoka naye kwa sababu nilizisikiliza bila kuziandika. Magazeti yalituhifadhia dakika na wafungaji. Hayakutuhifadhia aliyekaa jirani yako, kiingilio ulikipataje, ulirudi nyumbani kwa njia gani, na nani alikuzimia redio. Kama ulikuwepo Temeke siku ya sita, au siku ya Mufulira, au siku ya Boli Zozo, au Jogoo Road kabla ya 1983, chukua daftari leo jioni uandike tarehe, upande uliosimama, na uliyekuwa naye. Ukishamaliza, mpe mjukuu.